Mbavu Zisizoonekana
Somo: 1 Samweli 16:7

Jioni mimi huunda ndege ndogo ya rimoti, yenye bawa la juu na la chini: mfano wa Gipsy Moth, aina ambayo Florence Wilson alianza nayo Wilson Airways, Nairobi, mwaka 1929. Kazi kubwa ni mbavu za mbao ndani ya bawa. Zikishafunikwa, hakuna anayeziona. Lakini ndege ikipaa, ni hizo zinashikilia bawa.

Mpendwa, hapa Uriri tunakuona ukiimba Jumapili. Je, gorogoro yako ya mahindi sokoni imebonyezwa? Uko na pesa za chama ambazo hazijaandikwa? Zirudishe wiki hii, kabla upepo haujavuma. Mungu anaangalia ndani. Amina.