Jina la Shule, Mahali Pake, na Watu wa Nyumbani



Mwezi uliopita alinijia binti mmoja niliyemfundisha kusoma katika darasa la kwanza la shule yetu ya misioni. Sasa amekwisha maliza sekondari, naye amekata shauri kuwa mganga wa meno. Mkononi alikuwa na karatasi mbili, moja ya Kinshasa, moja ya Dar es Salaam. Shule zote mbili zimekubali kumpokea. Akaziweka juu ya meza yangu, akasema: «Mwalimu, nisaidie kuchagua, maana nyumbani kwetu hakuna usingizi.»

Nilimwomba siku nane. Yaliyonipitia moyoni katika siku hizo nayaandika hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mtaulizwa vivyo hivyo, ikiwa si kwa uganga wa meno, basi kwa kazi nyingine.

Kwanza niseme kwamba kazi yenyewe si kazi ya mapambo. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Tena liko donda liitwalo noma, ambalo huanza katika ufizi wa mtoto mdogo mwenye njaa, hasa wa miaka miwili hadi sita, likala shavu na taya lake. Likitambuliwa mapema huzuiwa kwa dawa, kwa kusafisha kinywa na kwa chakula chema. Likichelewa, mtoto hufa, au hubaki na uso ulioharibika. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika hilo liliuandika ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Basi binti anayetaka kujifunza kutazama vinywa vya watoto ametaka jambo jema. Shaka haiko katika lengo, iko katika njia.

Mambo yake yalikuwa hivi. Kinshasa ina jina. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1954 kwa jina la Lovanium, na katika familia yake mtu aliyesoma huko hutajwa hata katika matanga ya watu wengine. Huko yuko baba yake mdogo, ambaye yuko tayari kumlaza na kumlipia. Masomo ni kwa Kifaransa, lugha aliyosomea. Walakini kutoka kwetu Kalemie hadi Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1,500 kwa njia ya ndege, na anayekosa nauli ya ndege hawezi kurudi kuzika wala kuuguza. Dar es Salaam nayo imefundisha uganga wa meno, pale Muhimbili, tangu mwaka 1979. Mtu huvuka ziwa hadi Kigoma, kisha hufuata reli iliyofika pale mwaka 1914, kilometa 1,250 hivi. Wagonjwa wa huko husema Kiswahili, kama wa kwetu. Masomo lakini ni kwa Kiingereza. Kaka yake, afanyaye biashara ya samaki na Kigoma, ameahidi kusaidia karo, wala si yote. Na huku nyumbani yuko mama, mjane mwenye ugonjwa wa miguu, na mchumba, mwalimu kijana, ambaye wazee wake wamekwisha toa sehemu ya mahari.

Watu husema: «Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.» Kwa hiyo shule yenye jina ndiyo njema, na neno limekwisha. Mimi najibu: jina ni ushuhuda wa watu wengi juu ya kitu ambacho walio wengi wao hawakukiona. Ushuhuda huo haufai kudharauliwa, lakini sharti uulizwe maswali. Uganga wa meno ni kazi ya mkono. Mwanafunzi hujizoeza kwanza juu ya meno ya bandia, kisha juu ya mtu aliye hai anayeogopa, na mwalimu amesimama karibu naye. Basi ni viti vingapi vinavyofanya kazi? Mwanafunzi hupata wagonjwa wangapi mwenyewe, kabla ya kupewa shahada? Mwalimu yupo, au jina lake tu limebandikwa mlangoni? Jina halishiki koleo. Shule ya kwanza ya uganga wa meno ulimwenguni, ile ya Baltimore huko Marekani, ilianza mwaka 1840 na wanafunzi watano, na mwaka uliofuata ilitoa waganga wawili tu. Siku ile haikuwa na jina lolote.

Nilikuwa karibu kufunga habari ya jina hapo, nikamkumbuka Robert Tanner Freeman. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi wa Washington. Shule mbili zilimkataa kwa ajili ya rangi yake; Harvard, iliyokuwa imeanzisha shule yake ya meno mwaka 1867, ikampokea. Mwaka 1869 akapata shahada, wa kwanza wa watu weusi wa nchi ile kuipata katika uganga huo. Kisha akarudi Washington, mji alikozaliwa, akawatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1873. Mtu kama huyu alilihitaji jina la shule, maana wako ambao wangemwangalia uso kabla ya kuuangalia mkono wake. Ndiyo sababu siwapendi sana wale wasemao kwamba jina si kitu. Mara nyingi husema hivyo wenye jina la baba zao. Mtoto wa mjane hana barua nyingine ya kumtangulia.

Juu ya mahali, mfano wetu sisi watu wa Ziwa Tanganyika uko tayari: Adriano Atiman, mganga na mkatekista wa Karema, ng'ambo ya pili. Alitekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, na huko aliwatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956, miaka 67. Mara nyingi nimewaambia watoto darasani: tazameni, alisoma mbali kabisa, akatumika katika kijiji kimoja. Lakini safari hii nilipoushika mfano huo ili nimpe binti yangu, uliniponyoka. Atiman alikuwa amenyang'anywa mama yake zamani. Alipopanda meli ya kwenda Malta hakumwacha nyumbani mtu mwenye kumngoja. Binti huyu anaye. Mfano wa mtakatifu wa watu au wa shujaa haufai kuwa fimbo ya kumpigia mtu ambaye mzigo wake si ule ule.

Basi nikafika kwenye watu, na hapa ndipo penye uzito. Tunasema «mapendo ya nyumbani» kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Liko deni: mama aliyemlea anastahili kutunzwa, na amri ya Mungu yasema hivyo waziwazi. Iko ahadi: mchumba amepewa neno, na neno si la mmoja. Uko tena mfungo wa zawadi: baba mdogo analipa, na anayelipa huweza kusema baadaye mganga huyu akae wapi, aolewe na nani, amtume nani fedha. Simshitaki mzee huyo, pengine moyo wake ni mweupe. Lakini zawadi isiyosemwa masharti yake siku ya kwanza, masharti yake huja siku ya mwisho. Na yako mazoea: kuogopa mji mgeni, kuogopa Kiingereza, kutaka kubaki na rafiki wa zamani. Deni lidumishwe, ahadi ishikwe, au ifunguliwe kwa kukubaliana, zawadi iulizwe, mazoea yashindwe. Mtu akivichanganya hivi, ataita woga wake kwa jina la mapendo, au ataiita tamaa yake kwa jina la wito.

Nasema hivyo kwa kuwa nilikwisha kosa. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniuliza shauri kama hili, nami nikamjibu palepale, bila siku nane wala siku moja: nenda kwenye jina. Nilipima shule, sikupima nyumba aliyotoka. Baba yake alikufa katika mwaka wa tatu wa masomo, na barua ilimfikia mwezi mzima baada ya maziko. Amerudi na shahada yake, kazi anayo. Tukikutana njiani hunisalimu kwa heshima yote, hata mara moja hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba mwenye kuchagua amfikirie mtu asiyemjua, ambaye hajapata kumwona, aliye katika shauri lile lile, ajiulize angemshauri nini, kisha ashike mwenyewe shauri hilo. Nilijaribu kanuni hiyo usiku wa tano, na jambo la kunitahayarisha likaonekana. Nilikuwa ninaelekea Dar es Salaam tangu mwanzo, nami nilidhani ni kwa ajili ya mama yake. Kumbe nusu ya sababu ilikuwa yangu: nilitaka mganga wa meno arudi kwetu upesi, awatazame watoto wa shule yangu. Mgeni yule nisiyemjua hanidai kurudi kwenye shule yangu. Nikaiondoa nusu ile katika mizani, nikapima tena. Mizani ikaelekea upande ule ule, ila kidogo tu, si kwa kishindo kama kwanza.

Mtakatifu Toma wa Akwino asema busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru kitu kifanywe; na la mwisho ndilo kubwa. Njia mbili zilimshinda fisi, si kwa sababu mojawapo ilikuwa mbaya, ila alisimama. Kwa hiyo siku ya nane nilimwambia: «Mwanangu, naona ni Dar es Salaam. Lakini kabla hujaandika, fanya mambo haya. Uliza kwa maandishi namna shahada ya nje inavyotambuliwa katika nchi yetu, usije ukarudi na karatasi isiyofungua mlango. Mchumba wako umwulize, usimpashe tu habari. Baba mdogo asiisikie habari hii kinywani mwa mtu mwingine. Na mama, ni nani atakayemtekea maji miaka yote hiyo? Unitajie jina la mtu, si jina la ukoo.»

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: «Mama amenijibu jana. Amesema: mimi si jiwe la kufungia mtumbwi. Dada yake mdogo atahamia kwetu.»

«Na baba mdogo?»

Hakujibu. Alitoka uani na simu yake, akasimama chini ya mwembe. Maneno ya mzee sikuyasikia, nilisikia tu ya binti: «Ndiyo, baba mdogo. Ndiyo, baba mdogo. Hapana, baba mdogo, si kwa sababu hiyo.» Yalikuwa marefu. Watoto wa darasa la nne walitoka kwenda nyumbani, yeye yuko palepale. Aliporudi ndani macho yake yalikuwa mekundu, akaketi, akatazama rafu yangu ya vitabu.

«Mwalimu,» akasema, «ile kamusi yako ya Kifaransa na Kiingereza, bado unayo?»

Jalada lake limeng'oka, na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Nilimfungia kwa kamba, akaenda nayo.