Rahisi Kama Kunywa Maji

Kila mwaka yupo mwanafunzi anayeandika kwamba jambo fulani ni "rahisi kama kunywa maji". Mwongozo wa kusahihisha unampa alama: tashibiha ipo, "kama" imekaa mahali pake. Lakini hapa ni Newala. Juu ya nyanda hizi za Makonde mvua hudidimia mchangani, ikaenda kutokea chini kabisa kwenye chemchemi za miteremkoni. Bibi zetu walishuka kuyafuata, wakapanda na mitungi kichwani. Kwa hiyo mtoto nampa alama yake, kisha namwuliza: hayo maji yaliletwa na nani?

Tumezoea kuziita tamathali mapambo, ndiyo maana tunazifundisha haraka. Ukiona kama, mithili ya, mfano wa, ni tashibiha. Usipoona, ni sitiari. Kipindi kimekwisha. Mimi naona tofauti hiyo ni ya maadili kabla haijawa ya lugha. Anayesema "jirani ni kama nyoka" ameacha mlango wazi. Unaweza kumwuliza, kama kwa lipi? Anayesema "jirani ni nyoka" ameufunga, na nyoka akiingia uani sote tunajua anavyofanywa.

Nchi hii imeyaona. Katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa, na mitaani wakaitwa "dili". Neno la biashara, halina "kama" ndani yake. Sisemi neno ndilo lililoshika panga. Ushirikina na tamaa ya pesa vilikuwapo. Ila mtu akishaitwa bidhaa, kumpangia bei si safari ndefu. Rwanda, 1994, watu waliitwa mende.

Mwenzangu anayefundisha Masasi hakubaliani nami. Anasema mtoto akifundishwa kuogopa sitiari, ushairi atausikia wapi? Ana hoja, na sitaki woga. Jando na unyago vya huku vimejaa mafumbo, mengine makali, lakini fumbo la unyago lina kungwi wa kulifumbua. Mwali hatupiwi neno akaachwa nalo peke yake. Darasani tunalitupa neno, tunatoa alama, tunafuta ubao.

Ninachotaka mtoto ajue ni mahali ulinganisho wake unapokomea. Msimu mmoja wa korosho mwanafunzi aliandika: "Baba yangu ni bibo." Wenzake wakacheka. Akaeleza kwamba korosho haijifichi ndani ya bibo, inaning'inia nje, na baba yake naye hana la kuficha. Msichana wa nyuma akanyoosha mkono: lakini hiyo korosho ina ganda, na ganda lina mafuta yanayounguza midomo.

Yule mtoto akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema, "ukimng'ata kabla hujamchoma."

Wakabishana mpaka kengele ikagongwa, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza kama hiyo ilikuwa tashibiha au sitiari.