Je, Kalamu Yaweza Kuwa Tendo la Huruma?

Wapenzi wakatekumeni, yuko asemaye: «Karatasi haikati mnyororo.» Je, ni kweli?

Mwenye Heri Maria Theresia Ledóchowska alitumikia katika jumba la wakuu huko Salzburg, nchi ya Austria. Siku zile watumwa walikuwa wakivushwa ziwa letu la Tanganyika na kuuzwa Ujiji. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie aliulaani uovu huo, akawasihi wanawake wenye kipaji cha kuandika wautangaze. Maria Theresia akaitika. Mwaka 1889 alianzisha gazeti, Echo aus Afrika, kisha akaliacha jumba. Mwaka 1894 akaunda Shirika la Mtakatifu Petro Klaveri. Afrika hakufika kamwe. Lakini alisoma barua za wamisionari, akazichapa. Sadaka zikakusanywa, watumwa wakakombolewa.

Basi karatasi haikukata mnyororo. Iliiamsha mikono ya kuukata. Naye hakutoa wino tu, alitoa na maisha yake.

Nawe unayejifunza herufi, mjane jirani yako akinyang'anywa shamba, naye hajui kuandika, mwandikie barua: kweli tupu, bila malipo. Ukijua kuandika ukanyamaza, je, dhambi ni ya mnyang'anyi peke yake?