Je, Atazamaye Ndiye Aonaye?

Katika lugha yetu ya Kiswahili yamo maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja, nayo ni kutazama na kuona. Lakini mtu aweza kutazama asione. Kutazama ni kazi ya jicho peke yake. Kuona ni kazi ya mtu mzima, yaani jicho lake, akili yake, kumbukumbu yake na moyo wake. Swali tunalotaka kulichungua hapa ni hili: Je, mtu ana lawama kwa jambo lililokuwa mbele ya macho yake, naye asilione?

Wengi watajibu upesi kwamba hana lawama, kwani mtu hahukumiwi kwa asilolijua. Jibu hili lina haki ndani yake, lakini halitoshi. Ili tulifahamu vema, afadhali tuanze na mambo madogo ya mtaani kuliko kuanza na maneno makubwa ya vitabuni.

Tuuchukue mji wa Songea, mkoani Ruvuma. Mkazi wa Lizaboni, au wa Mfaranyaki, au wa Bombambili, hulitamka jina la mji wake mara nyingi kwa siku. Wapiga debe hulitangaza stendi, na wafanyabiashara huliandika juu ya magunia ya mahindi. Lakini ni mara ngapi asemaye "Songea" humkumbuka mwenye jina hilo? Huyo alikuwa mtu, Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Katika eneo la Mahenge, mjini humo humo, yako makaburi ya mashujaa waliouawa pamoja naye katika mwaka ule, na jumba la makumbusho limejengwa mahali hapo. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika na kuwakumbuka. Katika siku nyingine za mwaka wengi hupita kando ya mahali pale wakiwaza bei ya mbolea.

Tena tuinue macho tuitazame milima ya Matogoro iliyo karibu na mji. Hakuna mkazi asiyeijua, kwani huonekana kila asubuhi ukungu unapoondoka. Katika milima hiyo ndipo unapoanzia Mto Ruvuma, ambao kwa sehemu kubwa ya safari yake ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hata uingie katika Bahari ya Hindi. Mto utenganao nchi mbili huanza kama maji madogo ambayo mtoto angeyaruka. Anayeitazama milima hiyo kila siku huenda asiliwaze jambo hili hata mara moja kwa mwaka mzima.

Kwa nini yako hivi? Mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, alilichunguza jambo hili katika kitabu chake juu ya elimu ya kuona, Kitab al-Manazir. Yeye ndiye aliyebainisha kwamba jicho halitoi nuru ya kwenda kuvigusa vitu, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Wala hakuishia hapo. Alieleza pia kwamba kitu tulichokizoea hatukikagui upya kila tunapokutana nacho. Akili hushika alama moja au mbili, ikakitambua mara moja kwa msaada wa kumbukumbu, kisha ikapita. Ndivyo asomaye kwa mazoea anavyolitambua neno zima bila ya kulihesabu herufi kwa herufi. Ili kukijua kitu barabara, yapasa mtu asimame na kukitazama kwa makini.

Basi mazoea ni neema, kwa maana bila ya hayo tusingeweza kutembea hata hatua kumi bila ya kushangaa. Lakini neema hii ina hatari yake, kwamba mtu huanza kuishi na alama za vitu badala ya vitu vyenyewe. Akikosea hivyo katika habari ya mlima, hakuna aliyedhulumiwa. Akikosea katika habari ya binadamu mwenzake, jambo huwa jingine.

Tufanye mfano. Katika mtaa mmojawapo wa mji huu anaishi bibi mmoja mjane, peke yake. Kila alfajiri hufagia uwanja wake, na jua likichomoza huanika ulezi juu ya jamvi. Siku moja uwanja haukufagiwa, na majani ya mwembe yakalala pale pale yalipoangukia. Wanafunzi wakapita, kijana wa bodaboda akapita, na mwenye kutoka msikitini baada ya Sala ya alfajiri akapita pia. Wote waliutazama uwanja ule. Siku ya pili yakawa vivyo hivyo. Siku ya tatu akaja mama muuza maandazi, ambaye alikuwa safarini kwa siku mbili. Alipofika mlangoni hakuitwa kama alivyozoea kuitwa. Akasimama, akapiga hodi, asijibiwe. Akaingia, akamkuta bibi yu hoi kwa homa, na maji yamekwisha mtungini.

Hebu tujiulize, mama huyu alikuwa na nini ambacho wale wengine hawakuwa nacho? Macho yake hayakuwa mazuri kuliko yao. Pengine elimu yake ilikuwa ndogo kuliko ya wengi wao. Alichokuwa nacho ni kimoja tu: alikuwa akitazamia kuitwa. Kitu kilichopo huonekana kwa jicho, lakini kitu kilichokosekana hakionekani kwa jicho kabisa. Huonekana na yule tu aliyekuwa akikingojea. Uwanja usiofagiwa ulikuwa ni majani tu kwa mtu asiyemngojea bibi. Kwa yule aliyemngojea, ukimya wa mlango ulikuwa kilio.

Huenda mtu akasema, "Mama huyo alimkumbuka kwa ajili ya biashara yake." Na iwe hivyo. Lakini kama faida ya maandazi mawili yaweza kumfumbua mtu macho, je, imani ya yule aliyetoka kusali ingeshindwaje kufanya hivyo?

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Yule mpita njia halaumiwi kwa kuwa siku ile hakumwona bibi mgonjwa, maana kwa kweli hakumwona. Lawama yake ni ya zamani zaidi. Ni kwamba katika miaka yote aliyopita pale, hakumweka bibi yule katika hesabu ya watu anaowangojea. Upofu wa siku moja ulitengenezwa kidogo kidogo kwa siku nyingi alizokuwa huru kuchagua. Basi kutojua kwingine ni udhuru, na kutojua kwingine ni tunda la uzembe wetu wenyewe.

Hapa yatupasa tulijibu pingamizi moja lenye uzito. Je, kuwachungua majirani si kuingilia mambo yao? Qur'an Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imekataza waziwazi kupelelezana na kusengenyana. Nasi tunajua jinsi mtaa wenye macho mengi unavyoweza kumchosha mtu. Katika miaka ya 1960 nchi yetu iliweka utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi kumi, ili pasiwepo mwananchi asiyejulikana na kiongozi wake. Ujuzi wa namna hiyo waweza kumfikisha mgonjwa hospitali, na waweza pia kuwa mlango wa fitina. Basi tofauti haimo katika kutazama. Imo katika nia ya atazamaye na njia anayokipitisha alichokiona. Mpelelezi hutafuta aibu, na akiipata huipeleka kwa watu wengine. Jirani mwema hutambua haja, na akiitambua huipeleka kwenye mlango ule ule ilikotoka, akipiga hodi na kungoja aruhusiwe. Mwenye kutaka kujipima na ajiulize hivi: Kama huyu ninayemtazama angegeuka sasa hivi na kuniona, je, ningeona haya, au ningemsalimu?

Jambo hili linamhusu hasa msomaji ambaye ameingia katika dini kwa kuitafuta, au ambaye bado anatafuta. Mtu aliyepata nuru mpya huvutwa na ndugu wapya, vitabu vipya na mikutano mipya, na huo ni uzuri. Lakini imo hatari kwamba majirani wa zamani watageuka kuwa alama tu: huyu ni wa dini ile, yule ni wa madhehebu yale. Mkoani Ruvuma, ambako Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na ambako Wakristo ni wengi, Mwislamu hawezi kutoka nyumbani kwake bila ya kupita kwenye mlango wa mtu wa imani nyingine. Mtume Muhammad (s.a.w.) alisisitiza mno haki ya jirani, na haki hiyo haikuwekewa sharti kwamba jirani awe wa dini yako. Ikiwa imani imetufanya tusione milango mitatu iliyo karibu nasi, yatubidi tuchunguze ni kitu gani hasa tulichokipokea.

Wala dawa yake si ngumu. Mtu na ajifunze majina ya watu wa nyumba zilizo jirani naye, watoto kwa wazee. Na ajue ni nani hutoka mapema, ni nani hupika kwa kuni zilizokopwa, na ni nani huwa hana mgeni hata siku ya sikukuu. Mara moja kwa juma na apite njia yake ya kila siku polepole, kama mgeni aliyefika jana. Kisha kila jioni, kabla ya kulala, na ajiulize swali moja fupi: Leo sijamwona nani? Mwenye kulijibu swali hilo kwa jina la mtu amekwisha kuanza kuona. Kilichobaki ni kuvaa viatu na kwenda.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye huruma na miguu isiyochelewa. Amin.