Mwenye Haki ya Kuchagua Jembe

Yamkini swali la nani achague jembe litaonekana dogo mno kuletwa mbele ya wanafunzi wa falsafa. Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, hakuyaona madogo maswali ya namna hiyo. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri alieleza kwamba mwenye elimu ya kweli juu ya ubora wa chombo ni yule akitumiaye. Mpiga zumari ndiye amwambiaye fundi zumari ipi ni njema, na fundi hana budi kumsikiliza. Hoja hiyo ikitolewa katika zumari na kutiwa katika jembe yazaa neno zito, maana katika nyumba nyingi za wakulima wetu mwenye kulinunua jembe na mwenye kulilimia si mtu mmoja. Mume huenda sokoni, akachagua, akalipa, akarudi nalo. Mke huamka alfajiri akalima nalo mpaka jua la utosi.

Ada hiyo ina mizizi. Zamani wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na katika jamii nyingi za bara majembe yalikuwa sehemu ya mahari. Jembe lilipita katika mikono ya wanaume, la mkwe na la baba, likahesabiwa kuwa mali kabla ya kuwa chombo. Nashuku kwamba mazoea ya kulisifu jembe kwa uzito wake yametoka huko, kwa sababu mali hupimwa hivyo.

Sisemi kwamba mnunuzi hajui kitu. Mwenye busara hulining'iniza jembe kidoleni akaligonga kwa jiwe: likilia kwa sauti safi ni zima, likitoa sauti ya mtungi mbovu lina ufa. Hutazama tundu la mpini kama limekaa sawa na bapa, maana tundu lililopinda haliponyeki kwa kabari. Mambo hayo yajulikana kwa jicho na sikio la mtu yeyote. Lakini yako mawili yasiyojulikana kwa niaba ya mwingine, nayo ni uzito wa jembe na urefu wa mpini. Jembe zito hujizamisha lenyewe katika ardhi ngumu. Hiyo ndiyo sifa yake. Walakini kila lishukapo sharti liinuliwe tena, na mwinuaji ni mkono mtupu. Nusu kilo iliyozidi, ikiinuliwa mara 2,000 katika asubuhi moja, ni kilo 1,000. Mpini mfupi nao hulipwa na mgongo.

Itasemwa kwamba mwenye fedha ndiye mwenye uchaguzi, na kwamba nyumba maskini yenye uwezo wa kununua jembe moja tu haiwezi kupata moja la kutifulia na jingine jepesi la palizi. Sehemu ya pili ya hoja hii si ya kudharauliwa. Hata hivyo uchache haujibu swali la nani achague, bali walizidisha uzito: palipo na majembe mengi kosa moja hufichika, palipo na moja humwandama mtu msimu mzima. Tena apewaye hushukuru, na shukrani si ushahidi kwamba alichopewa chamfaa.

Katika utunzaji dhuluma hii hujificha zaidi. Jembe lataka kuondolewa udongo kabla haujakauka, kupakwa mafuta kidogo msimu ukiisha, na kutundikwa pakavu kivulini. Mpini wa mti mbichi hunywea na jembe likachomoka. Mkole, wenye nguvu na wepesi wa kupindika, wafaa ukikaushwa kwanza. Kulilowesha jembe majini ili mpini ukaze ni dawa ya siku moja, na mwishowe mti huoza. Lililovunjika mpini lisitiwe motoni ili kuchoma kipande kilichobaki tunduni, kwa kuwa moto mkali huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na makali hayadumu tena. Yote hayo mlimaji aweza kuyatenda. Lakini kunoa kwataka tupa, na tupa hununuliwa; mara nyingi mwenye fedha ya tupa ni yule yule asiyelima. Jembe likawa butu, kazi ikachelewa, na mke akaitwa mvivu. Hapo mtu alaumiwa kwa kasoro ambayo hakupewa uwezo wa kuiondoa, na sijui sheria ya maadili iwezayo kuitetea lawama hiyo.

Taifa la Tanzania limeliweka jembe katika ngao yake pamoja na shoka, na CCM tangu 1977 imeliweka katika bendera yake pamoja na nyundo. Azimio la Arusha la 1967 lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Heshima ya chombo imetangazwa, na jasho la mtumiaji limekiriwa. Kuulizwa kwake ni jambo lililobaki mlangoni mwa kila nyumba.

Kwa bahati njema majembe mengi huuzwa bila mipini, hivyo nusu ya uchaguzi hurudi nyumbani pamoja na chuma. Mpini waweza kukatwa yeye akiwa amesimama kando, ukapimwa kwa kimo chake. Uzito haupimwi hivyo. Kwa huo hana budi kwenda sokoni mwenyewe, akaliinua moja baada ya jingine, muuzaji akingoja.