Baiskeli ya Mjomba

Kutoka Soni kushuka Mombo miguu hupumzika. Kazi yote ni ya breki. Barabara ya Lushoto inateremka Usambara kwa kona zinazofuatana, mwamba huku, korongo kule, na wachuuzi wa mboga wameizoea kiasi kwamba wengine hushuka huku wakipiga soga.

Palikuwa na mmoja aliyesifika kwa mteremko ule. Baiskeli yake ilikuwa ya Kihindi, inchi 28, breki za fito. Kila Ijumaa aliyafuta madigadi na kuisugua kengele mpaka ikang'aa. Breki ya mbele hakuigusa. Breki za aina hii hubana rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu, hivyo aliyekaa kwenye kiti hazioni. Raba zake zilikuwa zimelika mpaka chuma kinachozishika kikawa kinakwaruza rimu.

Mkwaruzo huo aliusikia, kisha akauzoea. Mkono ukajifunza kubana mapema, kabla kona haijaonekana. Makatambuga yakajifunza kuburura lami pale breki iliposhindwa. Msukosuko wa gurudumu la nyuma nao akaumeza kwa kiuno.

Watu husema baiskeli mbovu ni ya mzembe. Mimi sikubaliani nao. Asiye na mazoea angeshtuka siku ileile na kukimbilia kwa fundi. Stadi huufidia ubovu kwa ustadi wake, na ukishafidiwa hauoni tena, hata uwe chini ya pua yake.

Siku moja mpwa wake akaja kuazima.

"Shikamoo mjomba. Naomba baiskeli nipeleke kabichi Mombo, narudi kabla ya alasiri."

"Marahaba mjomba. Chukua, ila breki ya mbele ina tabia yake. Uiwahi."

Kijana akaitikia, kama vijana wanavyoitikia. Akafunga gunia kwenye keria, akaondoka. Njiani yakaanza manyunyu. Rimu ya chuma ikilowa, hata raba mpya hushika kwa shida. Sasa hapo palikuwa na chuma kwa chuma. Kwenye kona ya tatu aliminya breki kwa nguvu zake zote na baiskeli ikaendelea na safari yake. Bahati ikawa upande wa mwamba: aliingia mtaroni, akavunjika mtulinga. Kabichi zilizobaki barabarani ziliokotwa na wapita njia, na nyingine hazikurudi.

Baiskeli ikapelekwa kwa fundi Mombo. Mjomba alipofika alitaka raba tu zibadilishwe, kwa kuwa ndizo zilizosababisha. Fundi hakumjibu. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani, akalizungusha gurudumu la nyuma. Likayumba. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi lina spoku 40, la mbele 32. Fundi akawa anazipiga kwa ukucha moja baada ya nyingine, zote zikilia sauti inayokaribiana, mpaka akafika kwenye moja iliyotoa sauti butu. Ilikuwa imekatika kwenye kipinda, pale inapoingia kwenye habu, ndipo spoku nyingi hukatikia. Jirani yake pia. Mzigo wa hizo mbili ulikuwa umehamia kwa zilizobaki, nazo zilikuwa njiani kuzifuata.

Kisha akachukua rula na kuiweka juu ya cheni. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo pini 25 zinazofuatana zinapaswa kuchukua inchi 12 kamili, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Hii ilizidi kwa moja ya nane ya inchi. Cheni iliyorefuka hivyo hula meno ya gia, na ukichelewa utanunua vyote viwili. Kota pini inayoshika mkono wa kanyagio la kulia ilikuwa imelegea, ikigonga kila mzunguko. Foku aliipangusa tope pale juu inapoingia shingoni, akaikagua rangi kwa makini akitafuta mstari mwembamba wa kutu, maana huo huwa ni ufa. Haukuwepo. Foku peke yake ndiyo iliyokuwa nzima.

Ukaguzi wote haukufika muda wa kunywa chai. Binafsi naona hata Ijumaa za mjomba zingetosha, kama tambara lake lingeacha madigadi kidogo likapita kwenye rimu, spoku na foku, na kama mara mojamoja angempa mwenzake apande baiskeli, amuulize imemshtua wapi. Mwili wa mwingine hauna mazoea ya kuficha.

Jioni baiskeli ilikuwa tayari, ina rimu mpya ya mbele, kwani ile ya zamani ilikuwa imechimbwa mfereji. Mjomba akapanda, akaenda kidogo, akabana breki kama alivyozoea, mapema na kwa nguvu zote. Baiskeli ikasimama papo hapo, yeye akaangukia usukani kifua. Waliokuwa kijiweni wakacheka.

"Fundi, umezikaza mno," akasema. "Nilegezee kidogo, zirudi kama zamani."

"Sizilegezi, mzee," fundi akajibu, akimpokea mteja mwingine. "Legeza mkono."