Haki ya Mfungwa Aliyevunjiwa Heshima

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Amma baad:

Huulizwa mabarazani Temeke, karibu na gereza la Keko: mtu aliyefungwa kwa kosa lake, kisha akaingiliwa kwa nguvu humo kifungoni, je, yafaa mali ya umma itumike kumtibu na kumliwaza? Wako wasemao: "Aliyataka mwenyewe, fedha na wapewe watu wema."

Kauli hii haisimami. Kwanza, adhabu ina mpaka. Mwenye kumsingizia mtu zinaa hupigwa viboko 80. Akizidishiwa kimoja, hicho ni dhulma. Kadhi huhukumu kifungo, na hapana kadhi ahukumuye kuvunjiwa heshima. Basi hiyo ni jinai mpya, na mfungwa ndiye mdhulumiwa. Tena Keko wamo mahabusu wasiohukumiwa kwa lolote.

Pili, aliyelazimishwa hana dhambi. Suratun-Nur, aya ya 33, imewataja wajakazi waliolazimishwa uzinzi, ikawatajia maghufira. Aibu ni ya mtendaji.

Tatu, mfungwa ni amana. Hana pa kukimbilia wala chumo la kumlipa tabibu. Aliyemfungia mlango ndiye mdhamini wake. Kadhi Abu Yusuf alimwandikia Khalifa Harun Rashid kuwa chakula na nguo za wafungwa zitoke Baitulmali, wasitembezwe na minyororo wakiomba. Ikiwa njaa ya mfungwa yaondolewa kwa mali hiyo, jeraha lake ni aula zaidi.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yamhesabu mtumishi wa kifungo atumiaye cheo chake kumwingilia mfungwa mwanamke kuwa ni mbakaji. Lakini kumwadhibu mkosa si kumtibu aliyeumizwa. Marekani ilitunga sheria juu ya ubakaji magerezani mwaka 2003, ikatenga na fedha. Walakini mfuko wake wa kuwasaidia waliotendewa jinai, ambao hujazwa kwa faini za wakosaji, kanuni zake ziliwazuia wafungwa hata mwaka 2016.

Basi watunga sheria yawapasa kuliandika fungu hili kuwa haki, si sadaka. Na jirani yampasa lililo jepesi zaidi: atokapo mtu Keko, asiulizwe kwa mzaha yaliyompata humo, wala asitangazwe, asitiriwe, apelekwe kwa tabibu. Mwenye kumcheka amemwongezea kifungo ambacho hakimu hakukiandika.

Wallahu aalam.